Kilichomtetemesha Koku Mlangoni

Mjukuu wangu Atugonza anasoma kwa miguu. Sijui kama huko kwenu mnao watoto wa namna hiyo. Kukaa kitini hawezi. Anazunguka uani na kitabu mkononi, na kila anachotaka kikae kichwani anakigongea chini kwa kandambili. Juzi nilikuwa kwenye mkeka nachambua maharage, yeye anapita mbele yangu na Kiingereza chake: "tremble with fear," pa! "Jump for joy," pa! "Burst into tears," pa! Mkono wangu ukasimama ndani ya ungo.

Maana hayo nayajua. Mimi niliishia darasa la nne, na Kiingereza nilichofundishwa kilidondoka njiani kama maharage kwenye gunia lenye tundu, lakini hayo machache yalinasa. Kutetemeka kwa hofu. Kuruka kwa furaha. Kupasuka machozi. Nilipoyasikia, pua yangu ikaleta vitu ambavyo havikuwepo pale uani: nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni, rubisi ya ndizi iliyoiva, na kitunguu kilichopondwa. Ilikuwa harufu ya siku aliyoolewa dada yangu Koku.

"Atu," nikamwita, "hiyo ya kutetemeka wanaiachia 'with' peke yake?"

Akasimama kama aliyekanyaga mwiba. "Bibi! Kumbe unajua Kiingereza?"

"Kiingereza sikijui. Kutetemeka ndiko nakujua."

Alicheka mpaka akaketi, jambo ambalo kitabu kilikuwa kimeshindwa kumfanyia tangu asubuhi. Basi nikamsimulia, na ninyi nawasimulia vilevile, ila nashukuru kwamba ninyi hamtanikatiza kila mara kuuliza kwa nini hatukupiga picha.

Kwetu ni Kiruruma, huko Karagwe. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya kibanja, migomba mbele na nyuma, kahawa ikiwa chini ya migomba, na ng'ambo ya kinjia kulikuwa na nyumba ya Baba mkubwa Bitegeko, kaka wa marehemu baba yetu. Baba alifariki mimi nikiwa bado natambaa. Alituacha watatu: Mama, Koku na mimi. Kati yangu na Koku walipita wavulana wawili, Gaspari na Leonidasi, wote hawakufikisha umri wa kuota meno ya pili, na nawataja kwa sababu asipowataja dada yao atawataja nani.

Mama yangu aliitwa Serafina. Alitoka Burundi akiwa msichana, akifuatana na baba yake aliyekuwa akilimia watu kahawa kwa kibarua. Baba yangu alimkuta kwenye shamba la mtu, jembe mkononi, akamtaka. Hakukuwa na barua ya posa wala wazee wa kwenda na kurudi, maana huyo mzee wa Kirundi alikuwa ameshafariki na kuzikwa pembeni mwa shamba la tajiri wake. Mama alivuka tu bonde na kanga yake. Na ukoo wetu ukamwita Murundi. Alizaa watoto wanne ndani ya ukoo huo, akazika wawili, akamzika na mume, bado ni Murundi. Sisemi walimchukia. Walimwita hivyo kama mtu anavyomwita ng'ombe wake kwa rangi. Lakini ng'ombe hajui, na Mama alijua. Kirundi chake alikwisha kukiweka chini kabisa. Sikuwahi kumsikia akikisema. Runyambo, lugha ya kwetu, aliizungumza polepole, kila neno mahali pake, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa na anapita mbele ya watu wanaosubiri aumwage.

Sasa nirudi shuleni, maana bila shule hadithi hii haisimami.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Dezideri, mtu mfupi mwenye kaptula iliyonyooshwa kwa pasi mpaka ungeweza kukatia muwa. Yeye alikuwa na sheria yake: neno la mwili halisemwi mpaka mwili ulifanye kwanza. Siku ya kutetemeka alitutoa nje asubuhi, ukungu bado umelalia migomba, akatusimamisha kwenye umande, akanyamaza. Tulikuwa miguu mitupu sote. Edisa binti Kato, jirani yangu wa dawati, meno yake yakaanza kugongana. Ndipo mwalimu akauliza, "Mnatetemeka kwa nini?" Tukapiga kelele, "Kwa baridi, mwalimu!" Akatufundisha namna ya kuisema. Siku nyingine alikuja na boksi la chaki, akalifungua chini ya pua ya Edisa, kumbe ndani amelala kinyonga. Darasa zima tulitokea dirishani, na mlango ulikuwepo. Tuliporudi, ubaoni palishaandikwa kutetemeka kwa hofu, na mwalimu ametulia kama aliyekuwa akitusubiri kanisani.

Kuruka kwa furaha alitufundisha kwa kutangaza kwamba siku ile hakuna kubeba samadi ya shamba la shule. Tuliruka! Hata Teofili, ambaye funza walikuwa wamemmaliza vidole, aliruka. Akaandika. Kisha akasema, haya, chukueni vikapu, samadi inawangoja. Nadhani alitaka tupasuke machozi ili apate sentensi inayofuata, lakini hakuna aliyelia. Tulimkodolea macho tu. Yeye ndiye aliyetetemeka kwa kicheko mpaka akaushika ubao, na hiyo nayo ikawa sentensi.

Kulia, basi, ikabidi alie mwenyewe. Aliketi juu ya meza, akaanza kutusimulia jinsi alivyotoka kwao kwenda kusoma mbali, na mama yake akamfungia ndizi za kuchoma kwenye jani, akimwambia asile kabla ya kuvuka mto. Alianza kama mchezo, anatuchungulia kuona nani amelegea. Katikati ya safari sauti ikamkatika. Alipokuwa anarudi likizo, akasema, mto aliuvuka, nyumbani akakuta kaburi. Na Mwalimu Dezideri akapasuka machozi mbele ya watoto. Alijifuta kwa kile kitambaa cha ubaoni, uso ukabaki mweupe wa chaki, na hakuna aliyethubutu kucheka. Hakuandika sentensi siku ile.

Alichokuwa akitufundisha, kama nilivyokielewa, ni kwamba Mwingereza haruhusu utetemeke hivihivi. Ukishatetemeka, anakufuata nyuma na kaneno kadogo, 'with', 'for' au 'at', kukuhoji: umetetemeka kwa kilichokujaa ndani, au umeruka kwa unachokiona kinakuja, au umeshtukia kitu kilichosimama mbele yako? Machozi nayo unapasuka ukatumbukia ndani yake, kama mtu anayetumbukia shimoni. Kwetu mtu akitetemeka, jirani anamtazama na anajua. Mimi nikaona Kiingereza ni lugha ya watu wasiotazamana. Lakini nililishika somo, na nikawa mtaalamu. Njiani kurudi nyumbani niliwasoma watu: yule anatembea kwa hasira, yule anapiga chafya kwa ugoro, yule anacheka kwa aibu. Nilijiona sikosei.

Mwaka huohuo Koku akaposwa.

Mchumba alikuwa Filbati wa Mabira. Leo Mabira iko Kyerwa na mtu anakwenda kwa bodaboda kabla chai haijapoa, lakini wakati ule yote ilikuwa Karagwe, na ilikuwa mbali, mbali ya kutembea tangu umande mpaka kuku walale. Filbati alikuwa mrefu, meno yana mwanya, na alikuwa amemwona Koku kwenye sikukuu ya parokia akamfuata kama ndama. Safari hii kila kitu kilikuwa cha haki: washenga walikuja, rubisi ililetwa, buni za kutafuna zilipita mkono kwa mkono, Baba mkubwa Bitegeko akakohoa kikohozi chake cha kukubali.

Na Koku alifurahi. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Maana kwetu bibi harusi hafurahi. Siku ya kutoka, anafunikwa kichwa, anatolewa mlangoni na shangazi, na akiuvuka mlango ule lazima alie. Si machozi ya kuchuruzika kimyakimya. Alie asikike mpaka kwa wanawake waliosimama nyuma ya jiko, na wao ndipo wanampokea kilio. Asiyelia amewatukana aliowaacha. Watasema alikuwa na njaa nyumba hii. Watasema hakulelewa, alifugwa.

Shangazi Melania, dada yake Baba, ndiye aliyepewa kazi ya kumwandaa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye macho ya kuhesabu, na siku aliyofika alimkuta Koku anatwanga huku anaimba.

"Unaimba nini wewe?"

"Wimbo wa kanisani, Shangazi."

"Wa kanisani ndio unatikisa kiuno hivyo?" Akamgeukia Mama. "Serafina, huyu binti yako atatucheka mlangoni. Mimi nawaambia. Atavuka kizingiti kama anayekwenda mnadani."

Mama alikuwa anamenya ndizi. Kisu hakikusimama.

"Na wakisema," Shangazi akaendelea, "hawatasema Koku. Watasema, mlitegemea nini? Mama yake Murundi, alikuja hapa bila kulia, atamfundisha nani kulia?"

Akatoka nje kutema mate. Mama akaendelea kumenya mpaka zile ndizi za jioni zikawa nyingi kuliko walaji. Kisha akasema, bila kututazama, "Koku. Nakuomba kitu kimoja tu. Siku ile, lia."

Mama hakuwa mtu wa kuomba. Koku aliacha kuimba toka siku ile.

Jioni alinifuata kisimani. Koku alikuwa amenilea mgongoni. Wakati Mama yuko shambani, yeye ndiye aliyenilisha, kunichapa na kunifuta. Alinishika bega. "Jeli, wewe uko shule. Eti mwalimu wenu aliwafundisha kulia?"

"Alitufundisha."

"Bojo, nakuomba, nifundishe. Nikijaribu kulia namwona Filbati na mwanya wake, nacheka. Mama atakufa kwa aibu kwa ajili yangu."

Mwaona mzigo niliotwishwa. Nikamwambia kwa uhakika wote wa darasa la nne kwamba machozi hayaitwi. Unasimuliwa kitu cha kweli, yanakuja yenyewe. Tukakaa kwenye jiwe la kisima, nikaanza kumsimulia. Nilimsimulia mbuzi wetu Kibibi aliyeliwa na fisi. Koku akasema yule mbuzi alikuwa mwizi. Nikamsimulia Gaspari na Leonidasi. Akanikumbatia, akasema, "Hao niliwalilia yakaisha, mdogo wangu. Siwezi kuwatumia kwa harusi." Nikamsimulia kifo cha Baba, ambacho mimi sikukiona, kwa hiyo nilitunga mengi, na katika kutunga nikamfanya Baba aagane na kila kuku kwa jina. Koku aliteleza kwenye jiwe kwa kicheko. Ndoo ikamwagika. Tulirudi nyumbani tumelowa, na kilio hatuna.

Tulifanya hivyo jioni nyingi. Kadiri siku ilivyosogea, ndivyo alivyozidi kuwa mkavu, na usiku nilimsikia akigeuka kwenye mkeka. Hakuogopa Mabira. Aliogopa kizingiti chetu wenyewe.

Siku ikafika. Nyasi mbichi zilitandazwa mpaka kwenye kona, na nyumba ikanukia kama malisho. Uani wanaume walikuwa na mitungi yao, Baba mkubwa Bitegeko amevaa koti juu ya kanzu, watu wa Mabira wamekaa upande wao wakitafuna buni na kutusoma. Mimi nilikuwa msindikizaji. Mdogo wa bibi harusi ndiye anayefuatana naye kwenda ugenini, akae naye siku za mwanzo asione upweke, na mkononi anabeba kikapu kidogo cha buni za kuwapa wakwe. Nilivalishwa gauni la Edisa, la kuazima, lenye kola iliyonikaba.

Chumbani Shangazi Melania alitoa silaha yake. Alikuwa ameponda kitunguu akakifunga kwenye kipande cha jani la mgomba, na mpango wake ulikuwa kumpitishia Koku machoni chini ya kanga, dakika ya mwisho. Alikifungua kwanza ahakikishe makali. Akahakikisha. Macho yake yalifumba, pua ikafunguka, akaanza kuhema, "Yesu, Yesu, Yesu," anapapasa ukuta, akamkanyaga paka. Koku alijiuma midomo. Mimi nilitumbukiza uso kwenye kikapu cha buni. Kitunguu chenyewe, Shangazi alipokipata tena chini ya nyasi, kilikuwa kimekwisha nguvu zote, amezichukua yeye.

"Cheka," alimwambia Koku huku machozi yanamtiririka kidevuni. "Cheka, mtoto wa Murundi. Nje wanakusubiri."

Kicheko kikafa. Mama alikuwa amesimama mlango wa chumba cha ndani. Amesikia.

Kwetu mama mzazi hatoki uani kumtazama binti akiondoka. Anabaki chumba cha ndani. Kwa hiyo Koku aliingia humo kuagwa, akapiga magoti. Nilisimama kizingitini na kikapu changu, nikaona yote. Mama hakulia wala hakuhubiri. Alimfunika kanga ya pili juu ya ile ya kwanza, akaikaza chini ya kidevu, akainama kama anayetafuta pini, mdomo wake ukakaa karibu na sikio la Koku kwa muda. Kisha akamnyanyua kwa viwiko na kumgeuza kwetu.

Shangazi akamshika mkono wa kulia, mimi nikashika pindo la kanga kushoto. Tukatembea juu ya nyasi zile mpaka mlango wa nje. Nje palikuwa kimya. Mnajua kimya cha watu wengi walioacha kutafuna kwa pamoja? Nilimwona Baba mkubwa Bitegeko amenyoosha shingo. Nilimwona mwanamke mmoja wa Mabira amemfinya mwenzake.

Koku akaweka mguu kizingitini, akasimama. Hakuna sauti.

"Lia," Shangazi akanong'ona kwa meno. "Lia, lia, lia."

Ndipo pindo la kanga likaanza kucheza mkononi mwangu. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, kwanza kidogo, halafu kama mtu aliyepanda lori kwenye barabara ya mawe. Chini ya kanga nikasikia mlio, "hik," uliobanwa puani. Na mimi, mwanafunzi wa Mwalimu Dezideri, mtaalamu wa kutetemeka, nikajua mara moja ni kutetemeka kwa nini. Anacheka! Amemkumbuka Shangazi na paka. Sasa hivi kitamponyoka, watu wote wa Mabira watasikia, na Mama yuko ndani anasikiliza.

Hofu iliyonishika siwezi kuipima. Nikapasuka machozi. Sikuigiza, nilitumbukia kweli, kama nilivyofundishwa, mzimamzima. Nililia, "Mama! Mama weee!" mpaka buni zikaruka kikapuni. Nilitaka sauti yangu iwe kubwa kuliko kicheko cha Koku, na nadhani walinisikia mpaka parokiani. Wanawake nyuma ya jiko hawakungoja kuuliza ni nani. Walikipokea kilio, uani pote pakalia, Shangazi Melania, ambaye macho tayari yalikuwa mekundu, akalia kuliko wote. Mwanamke wa Mabira akamwambia mwenzake, nilimsikia kwa masikio yangu, "Hii ni nyumba ya watu."

Tukaenda. Njia nzima Koku hakusema neno. Tulipopumzika kwa mara ya kwanza, kwenye kivuli mbali na wasindikizaji wengine, nilimnong'oneza, "Kama usingebana kile kicheko, tungekwisha. Bahati yako nilikuwepo." Aliufikia mkono wangu chini ya kanga, akauminya sana. Kanga ilikuwa imelowa mpaka kifuani. Nikawaza, ama kweli amecheka, mpaka machozi.

Hivyo ndivyo nilivyoisimulia maisha yangu yote. Nimeisimulia kwenye harusi, kwenye matanga ya kufukuza usingizi, kwa wanangu, na kwa wanawe Koku, mwenyewe akiwa amekaa palepale. Watu walivunjika mbavu: bibi harusi anacheka, msindikizaji analia badala yake! Koku alikuwa akitabasamu na kuendelea na kazi yake. Mama naye aliwahi kunisikia nikiisimulia, kabla hatujamzika pale kibanjani karibu na Baba. Alinitazama, akasema, "Ulilia vizuri," akaenda kuchota maji.

Msimu wa kahawa uliopita nilikwenda Mabira kumwona Koku. Magoti yanamsumbua, Filbati alishatangulia mbele ya haki, lakini ulimi wake bado mzima. Tulikaa mbele ya nyumba kwenye mkeka wa kahawa, tunaondoa takataka. Nilitaka kumchangamsha, nikaanza ile ya paka na kitunguu. Nikafika mlangoni, nikatetemesha mabega yangu kama yake, nikabana pua, hik!

Koku akasema, "Jeli, hivi ni nani aliyekuambia nilikuwa nacheka?"

Nikadhani ananitania. "Niliyaona mabega."

"Mabega uliyaona. Kilichokuwa ndani uliniuliza lini?"

Kahawa ikanidondoka vidoleni. "Mbona miaka yote hukusema?"

"Ulikuwa unaisimulia vizuri," akasema, naye akacheka sasa, kicheko cha kweli, cha meno mawili. "Na wewe ulijiona umeniokoa. Ningekunyang'anyaje?"

Ndipo akaniambia alichosema Mama sikioni, wakati mimi nikidhani anatafuta pini. Alikisema kwa Kirundi, lugha ambayo hakuitumia ndani ya nyumba ile siku nyingine yoyote, na Koku hakuijua, ila katika midomo ya Mama aliielewa yote. Alimwambia: Mimi sikulia nilipoolewa kwa sababu sikuwa na mlango wa kutokea. Nilitoka shambani kwa watu. Wewe mlango unao, nimekujengea. Ukifika hapo ugeuke uutazame, halafu fanya utakavyo.

"Nikafika hapo," Koku akasema, "nikageuka. Ndani ya kanga huoni kitu, lakini niligeuka. Furaha ya Filbati haikuondoka, Jeli, usifikiri iliondoka. Ilikuwepo palepale. Ndiyo maana sauti haikupata njia ya kutoka."

Nimeyatafakari sana maneno hayo. Mimi na Shangazi Melania, na wale wanawake wa Mabira, sote tulimtazama msichana mmoja akitetemeka mlangoni. Wao wakasema ni uchungu, mimi nikasema ni kicheko, kila mmoja akaondoka na uhakika wake. Sijuti kwamba nilikosea. Nilikuwa mtoto, na kosa langu lilipiga kelele mahali palipohitaji kelele. Lakini kwa Mama nilikosea kwa muda mrefu zaidi. Niliamini aliomba yale machozi kwa sababu aliogopa midomo ya ukoo. Mama hakuwa akiuogopa ukoo. Mwanamke aliyevuka bonde peke yake na kanga moja, aogope kikohozi cha Bitegeko? Alitaka kujua kama ameweza. Kama kwa jembe lake na ukimya wake alikuwa ametengeneza nyumba ambayo mtoto anaumia kuiacha.

Shangazi Melania, mpaka anaingia kaburini, alikuwa na lalamiko moja juu ya siku ile. Alisema sisi tulipokwisha kupotelea kwenye migomba, uani bado watu wanajifuta, yeye aliingia chumba cha ndani kumbembeleza wifi yake, akamkuta Murundi amekaa juu ya nyasi, miguu ameinyoosha, anatafuna buni, uso mkavu. Alikuwa akiutazama ukuta na dari, akasema Shangazi, taratibu, kona kwa kona, kama fundi aliyemaliza kazi.